Mkalimani Hana Maoni

Sheria ilisema mtoto aulizwe. Aulizwe mara mbili, siku tofauti, kwa lugha anayoielewa, na akikataa aachwe. Ilikuwa sheria nzuri na walioitunga walistahili pongezi, ila walisahau jambo moja dogo: hawakusema mtoto huyo aambiwe nini.

Ndiyo maana asubuhi ile ya ukungu Otilia Mwalongo alikuwa katika Kituo cha Mbegu, mjini Njombe, akigeuza kiti. Kila akija alikuta wamekiweka mgongo kwa dirisha, na kila akija alikigeuza. Wenye masikio hawajui kwamba anayeongea kwa mikono akiupa mwanga mgongo anabaki kivuli, na kivuli hakisomeki. Aliwaeleza mara ya kwanza, akawaeleza tena, mwisho akachoka, akawa anakigeuza mwenyewe bila kusema neno.

Mbele yake alikaa Tulizo, mtoto wa miaka minane, ndani ya sweta jekundu lililomzidi. Alikuwa amekunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko, kwa sababu hakuna anayeongea na mdomo uliofunikwa, na mdomo wa Tulizo ulikuwa viganja vyake. Pembeni alikaa mama yake, Yusta, mfungashaji wa parachichi kiwandani, vidole vyake bado na weusi wa utomvu. Nyuma ya meza alikaa Daktari Lwitiko, mtu mpole, mwenye kutabasamu hadi machoni. Mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

"Tuanze," alisema daktari.

Neno hilo lilipita kwenye kioo cha miwani ya Otilia. Ilikuwa miwani ya maandishi, ile ya viziwi watu wazima, yenye fremu nene iliyomfunika hadi nyusi. Mtu akifungua mdomo, maneno yake yanajipanga pale kwenye kioo. Otilia aliyasoma akayageuza kuwa mikono. Tulizo akijibu kwa mikono, Otilia aliyasema kwa sauti aliyobaki nayo tangu homa ya uti wa mgongo ilipochukua masikio yake akiwa darasa la kwanza. Watu walisema sauti ile ni bapa, haipandi wala haishuki. Yeye hakuwa akiisikia, kwa hiyo aliwaachia wenyewe hiyo shida.

Zilikuwapo mashine za kusoma alama, lakini zilikuwa zimefundishwa mikono ya mijini, tena mikono ya watu wazima. Mikono ya mtoto wa nyanda za juu, anayeongea mbio huku amekunja vidole kwa baridi, ilizishinda. Ndipo Otilia akaitwa, tena ghafla, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Aliposoma jina la mtoto alirudia kulisoma. Hakuwa amejua kwamba Yusta ameamua.

Kwa maana Tulizo alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa, kusema kweli, mwanafunzi wake wa mwisho. Tangu Mbegu ianze kupandwa, bweni la shule ya viziwi lilikuwa likipungua vitanda kila muhula, mpaka shule yenyewe ikafungwa na majengo yakapewa watu wa kuhifadhi viazi. Tulizo alibaki akija kwa Otilia nyumbani, kila siku baada ya mama yake kwenda kiwandani. Hapo Otilia alivua miwani na kuiweka juu ya kabati, kwa sababu na Tulizo hakuwa na haja ya kusoma chochote.

"Tulizo," alisema daktari, "tutachukua chembe ndogo kutoka mwilini mwako, tutazikuza, kisha tutazipanda nyuma ya sikio. Zitaota kama mbegu ya kawaida. Zitapeleka mizizi mpaka ndani ya ubongo, na hapo utaanza kusikia."

Otilia alisema yote hayo kwa mikono. Alisema "tutachukua" pale daktari aliposema tutachukua. Hiyo ndiyo kazi. Mkalimani ana kiapo cha kutoongeza wala kupunguza, na tena hana nafsi yake: daktari akisema "nitakupandia mbegu," mkalimani anasema "nitakupandia mbegu," na mama akisema "mwanangu," mkalimani anasema "mwanangu." Kwa miaka mingi Otilia alikuwa amekuwa daktari, hakimu, mchungaji, mwenye nyumba na polisi. Kitu pekee ambacho hakuwa amewahi kuwa ndani ya kazi ile ni Otilia.

"Inauma?" Tulizo aliuliza.

"Kidogo. Siku mbili tatu."

"Nitasikia mvua?"

"Utaisikia juu ya bati hadi uichoke."

Tulizo alicheka. Alipocheka, kishimo kiliingia kwenye shavu lake la kushoto, na kishimo hicho ndicho kilichompa jina. Viziwi hawaitani kwa herufi. Jina la mtu ni ishara moja, inatoka kwenye mwili wake au tabia yake, na hulichagui mwenyewe; viziwi wenzako ndio wanaokupa. Tulizo alikuwa kidole gumba kwenye shavu, mara mbili. Otilia alikuwa kidole cha shahada kinachopita polepole juu ya nyusi ya kushoto, mahali alipobaki na kovu baada ya kuanguka kwenye ngazi za bweni. Mwenye masikio naye hupewa jina, lakini mpaka akae na viziwi, ale nao, wamzoee. Yusta hakuwa nalo. Tulizo alimwita kwa ishara ya mama, ile ile ya mama wa kila mtu.

Mtoto aliacha kucheka. Akapitisha kidole juu ya nyusi, upesi sana. Wenye masikio wala hawakuiona ishara ile. Kwao mikono ya Tulizo ilikuwa inachezacheza tu. Otilia akasema kwa sauti:

"Nikianza kusikia, nitaendelea kuongea na Otilia kwa mikono?"

Daktari alitazama meza, kisha akatazama juu. "Watoto wengi hawahitaji tena."

Maneno hayo yalisimama kwenye kioo, na Otilia akayatazama bila kuinua mkono. Aliyajua yaliyokuwa nyuma yake. Ubongo hauna shamba tupu. Mizizi ya Mbegu ikifika inatafuta mahali pa kukaa, na mahali panapoifaa kuliko pote ni pale lugha ya mikono inapoishi. Inapang'oa pote. Kwenye ripoti zao waliita "kuandaa eneo." Otilia alikuwa amekutana na Fausta, binti aliyemfundisha tangu akiwa hajui hata kusema njaa, sokoni kwenye meza za nyanya, mwaka mmoja baada ya kupandikizwa Mbegu. Alimwamkia kwa mikono. Fausta alimtazama kama unavyomtazama mtu anayefukuza nzi, kwa adabu, akisubiri amalize. Alikuwa hajasahau, maana kilichosahauliwa unaweza kukumbushwa. Lugha yenyewe haikuwamo tena.

Daktari hakudanganya. Kweli hawahitaji tena. Nani anahitaji kitu ambacho hajui kama kipo?

Sasa aseme? Aongeze sentensi moja tu? Hakuna mtu mle chumbani angejua. Mikono ingesema, na siri ingebaki kati yao wawili. Lakini kiapo kilimshika mkono, na zaidi ya kiapo, alijishuku mwenyewe. Hakujua ni nani angekuwa anasema.

Akainua viganja. "Watoto wengi hawahitaji tena," alimwambia Tulizo, bila kuongeza wala kupunguza.

Tulizo akatabasamu, kishimo kikaingia. "Mimi nitahitaji," alisema, na Otilia akalisema kwa ile sauti yake bapa, "Mimi nitahitaji."

"Vizuri," alisema daktari. "Mtoto mwerevu huyu. Basi akafikirie, tukutane tena wiki ijayo. Bi Otilia, unajua utaratibu. Katikati hapa usionane naye, usije ukamshawishi."

"Naujua," alisema Otilia.

*

Yusta alimkuta kwenye mgahawa wa kituo, mbele ya kikombe cha chai kilichokwisha poa. Ukutani juu ya vichwa vyao palikuwa na bango la mtoto anayecheka na maneno makubwa: HAKUNA KIZIWI TENA, KUNA MZAZI ALIYECHELEWA. Tulizo alikuwa amechukuliwa kupimwa damu.

"Kamwene, Mwalimu," alimwamkia Yusta kwa salamu ya kwao, akaketi bila kukaribishwa.

"Kamwene, Mama Tulizo."

Kila mmoja alikuwa na lake kifuani na alingoja mwenzake aanze. Mwisho Otilia akapiga moyo konde.

"Dada yangu, kuna jambo daktari hakumwambia mtoto."

"Nalijua."

"Unalijua?"

"Alama zitaondoka. Zote. Niliuliza mapema nikaambiwa." Yusta alikuwa akisugua utomvu kwenye vidole vyake, ambao hautoki kwa kusuguliwa. "Ulidhani nimemleta mwanangu hapa kama mzigo wa parachichi, bila kuuliza?"

"Basi kwa nini asiambiwe?"

"Kwa sababu ukimwambia atakataa. Na umri ukipita hapa Mbegu haioti tena. Atakuwa amekataa akiwa na miaka minane jambo ambalo hawezi kulirudia akiwa na ishirini."

"Na akikubali hawezi kulirudia pia."

Yusta alimtazama usoni, akaanza kusema, na maneno yake yakaja kwenye kioo taratibu, moja moja, kwa kuwa alikuwa akilia.

"Alipokuwa mchanga nilimpeleka kliniki. Nesi akaniambia, mama, usijifunze mambo ya mikono, utamfanya mvivu wa mdomo. Nikamsikiliza, Mwalimu. Nikakaa na mtoto nimekunja mikono kama niko kanisani. Anaonyesha kitu, nageuza uso. Analia, nageuza uso. Nilipokuja kujua kwamba ule ulikuwa upuuzi, alikuwa tayari na watu wake bwenini kwako, na mimi nimekuwa mgeni. Nikijaribu ishara ananicheka. Siyo kwa ubaya. Ananicheka kama unavyomcheka mzungu akisema Kiswahili."

"Angekuzoea."

"Shemeji zangu wanamwita bubu. Mbele yangu. Jirani akitaka kumtuma anamtupia kijiwe mgongoni ageuke. Lakini hayo nimeyameza. Kinachoniua ni kimoja." Akaegemea meza. "Nikisema nampenda, wewe unamwambia. Nikisema mwanangu, wewe unamwambia. Sasa nieleze, nikisema hivyo, yeye anamtazama nani?"

Otilia alisogeza kikombe pembeni.

"Anakutazama wewe," alisema Yusta. "Miaka yote hii. Kila neno zuri nililowahi kumwambia mwanangu, amelipokea akiwa anatazama uso wako."

"Ndivyo lugha ilivyo, Mama Tulizo. Lazima atazame mikono."

"Najua lazima. Sikulaumu." Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Nataka tu kuuliza swali moja. Hilo la alama kuondoka linakuuma. Naliona. Linakuuma kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Otilia alifungua mdomo. Palikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya kweli. Angeweza kusema kwamba lugha siyo nguo ya kuvuliwa, kwamba Tulizo hakuwa mgonjwa, kwamba mtoto aliyetunga hadithi nzima ya sungura mwenye baridi kwa vidole vitatu tu hakuwa na upungufu wowote wa kuzibwa. Angeweza kusema pia kwamba jioni, mtoto yule akiondoka, nyumba inabaki na kabati, jiko na miwani, na kwamba viziwi wenzake waliobaki wilayani ni wazee wawili ambao macho yao sasa hayaoni mikono vizuri. Alijaribu kuyatenganisha, haya ya mtoto huku, haya yake kule, akashindwa. Yalikuwa yameshikamana mno.

"Sijui," alisema.

"Basi," alisema Yusta, kwa upole kabisa, "kama hujui, nyamaza."

*

Siku ya kuulizwa mara ya pili, wiki moja baadaye, Tulizo aliingia akiwa amesukwa vizuri, nywele zimechanwa nyuma ya sikio tayari, kana kwamba jibu limeshatolewa. Alipomwona Otilia aliruka. Otilia alijizuia asimkumbatie. Akageuza kiti, akakaa.

"Umefikiria?" aliuliza daktari.

"Nimefikiria," alisema Tulizo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyelitarajia. Aliacha kumjibu daktari. Akamtazama Otilia, na mikono yake ikawa midogo, karibu na kifua, kama wanavyonong'ona viziwi. Akapitisha kidole juu ya nyusi. "Wewe unasemaje? Siyo yeye. Wewe mwenyewe."

Otilia alihisi damu ikimpanda masikioni, yale masikio yasiyo na kazi. Kiapo ni kiapo; lililosemwa lazima lisikike. Akasema kwa sauti:

"Otilia, wewe unasemaje? Siyo yeye. Wewe mwenyewe."

Yusta aliinamisha kichwa. Daktari Lwitiko aliweka kalamu chini, akatabasamu lile tabasamu lake la hadi machoni, la mtu asiyependa kumuumiza yeyote.

"Mwambie kwamba mkalimani hana maoni."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Ulikuwa mkubwa na ulikuwa wazi, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeufungua. Ilikuwa ni kusema tu: utanipoteza, Tulizo, na utapoteza kila tulichowahi kuambiana, na sijui kama kusikia kunalipa gharama hiyo, lakini ni yako kuichagua. Angefukuzwa kazi, naye asingejali. Kazi yenyewe ilikuwa inakufa. Aliinua mikono. Akaona, upande wa kushoto wa kioo, kichwa cha Yusta kilichoinama, na ule mstari mweupe wa ngozi kati ya misuko iliyosukwa kwa haraka. Akakumbuka kwamba mama huyu aliwahi kudanganywa na mtaalamu mmoja akamkosa mtoto. Je, yeye awe wa pili?

"Mkalimani hana maoni," alisema kwa mikono.

Tulizo alisubiri, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna kinachofuata, macho yake yakaenda pembeni kidogo, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba anayoijua na kufunguliwa na mgeni.

Hapo Yusta akazungumza. Hakumtazama daktari. Alimwelekea mtoto wake, ingawa mtoto hakuwa amemwelekea yeye.

"Mwanangu, nataka siku moja nikuite ukiwa umenipa mgongo, ugeuke. Ni hilo tu. Nikuite, ugeuke."

Na Otilia, kwa kuwa ndiyo kazi, akasema, "Mwanangu, nataka siku moja nikuite ukiwa umenipa mgongo, ugeuke. Ni hilo tu. Nikuite, ugeuke."

Alilisema vizuri kupita kiasi. Mikono yake haikujua kusema neno kama lile vibaya. Tulizo alimtazama yeye, moja kwa moja, machozi yakamjaa, na akajibu huku akimtazama yeye.

"Nitageuka. Ukiniita nitageuka."

"Nitageuka," alisema Otilia kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Ukiniita nitageuka."

Yusta aliangua kilio, akamkumbatia mtoto kwa nyuma, na Tulizo, mikono yake ikiwa imebanwa kwenye kumbatio, alichomoa mmoja tu, akauelekeza kwa kamera ya ukutani, iliyowekwa kunasa jibu la mtoto, akasema ndiyo.

*

Miezi michache baadaye, mvua za mwanzo zilikuwa zimeshaanza wakati taa ya mlangoni kwa Otilia ilipowaka na kuzimika, kuashiria mtu anabonyeza kengele. Alikuwa akimenya viazi. Alivaa miwani iliyokuwa juu ya kabati, akafungua. Alikuwa Yusta, peke yake, amelowa mabegani.

Otilia alimkaribisha, akamwekea chai. Waliulizana habari za nyumbani na za kiwandani kama watu wasio na jambo lolote. Ila Yusta alikuwa amenawiri, na furaha ikimjaa mtu haifichiki.

"Anaimba, Mwalimu. Anaimba vibaya hadi majirani wanacheka, lakini anaimba. Mvua ikinyesha anakaa chini ya bati, haniruhusu kumwita." Akashusha pumzi. "Na aligeuka. Siku ya kwanza kabisa. Alikuwa mlangoni anatazama kuku, nikasema Tulizo, kwa sauti ya kawaida tu. Akageuka."

"Ashukuriwe Mungu," alisema Otilia, na alimaanisha. Kilichomuuma ni kwamba alimaanisha.

"Nilimwonyesha picha yako. Akasema, mwalimu huyo, nilikuwa nakaa kwake mchana. Nikamuuliza mlikuwa mkizungumza nini. Akafikiria sana. Akasema, hatukuwa tukizungumza, tulikuwa tunakaa tu."

Otilia alichukua kiazi kingine, akakimenya chote hadi mwisho kabla ya kuinua uso.

"Kwa nini umekuja, Mama Tulizo?"

Yusta alitoa simu yake kwenye kitenge, akaifuta maji. "Akitoka shule analala kidogo. Akilala, mikono inaanza. Daktari anasema ni mishipa, mizizi inatulia, itaisha yenyewe. Lakini mimi ni mama yake. Namjua mtu anayesema." Sauti yake huenda ilishuka hapo, maana kioo kiliandika maneno yaliyofuata kwa herufi ndogo. "Nilikunja mikono nisijifunze alipokuwa anasema na mimi. Sasa anasema usingizini, sijui anasema nini. Nisaidie mara moja hii tu. Uwe mkalimani wangu."

Akaweka simu mezani, kati ya maganda.

Kwenye kioo cha simu Tulizo alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo wazi kidogo, nyuma ya sikio kidonda kimekauka. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka. Ikatulia, ikatulia, kisha ikaamka. Kidole cha shahada kikainuka hadi usoni, kikapita polepole juu ya nyusi ya kushoto. Viganja vikafunguka: wapi? Kidole tena juu ya nyusi. Kidole gumba kwenye shavu, mara mbili. Mimi hapa. Nakuita. Kisha mkono mmoja ukazunguka hewani, ukazunguka tena, kwa kusihi: geuka. Geuka. Kidole juu ya nyusi. Geuka.

Lugha haikuwa imeng'oka yote. Mahali fulani chini kabisa, mizizi ilikuwa haijafika, na huko palikuwa na mtoto amesimama nyuma ya Otilia akimwita.

"Anasema nini?" aliuliza Yusta.

Otilia alisema kama kanuni inavyotaka, kwa nafsi ya msemaji. "Uko wapi? Mimi Tulizo. Mimi hapa. Nakuita. Geuka."

Yusta alijiziba mdomo. "Na hii? Hii ya kidole kupita kwenye nyusi. Anairudia kila mara, kila siku. Ni nini?"

"Ni jina."

"La nani?"

Miwani ilikuwa imeanza kufanya ukungu kwa ndani, maneno ya mwisho yakielea hafifu mbele ya macho yake. Mtu mwingine angeivua aifute. Otilia aliiacha ilipo, na chini ya fremu ile nene kovu lake likabaki lilipo. Alifikiri juu ya kiapo, jinsi alivyokilinda siku ile ambayo kukivunja kungefaa kitu. Akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, aliyelowa, aliyekuja kwa miguu kwenye mvua kuuliza kama mwanawe anamwita.

"Lako," alisema.

"Langu?"

"Sisi viziwi hatuitani kwa herufi. Mtu hupewa ishara. Alikupa jina, Mama Tulizo. Anakuita wewe."

Yusta hakulia safari hii. Alikaa wima kabisa, kama mtu aliyewekewa mtungi kichwani. Kisha akainua mkono wake wenye weusi wa utomvu, akapitisha kidole juu ya nyusi, kwa woga.

"Hivi?"

"Nyusi ya kushoto," alisema Otilia. "Taratibu zaidi. Anza karibu na pua, umalizie nje."

"Hivi?"

Otilia aliushika mkono ule, akauongoza mara moja. "Hapo sawa."

Yusta alirudia, akarudia tena, huku akicheka na kutikisa kichwa. Alisema atakuwa akimfanyia Tulizo akilala, aone kama ataitika. Alishukuru mara nyingi. Mvua ilipopungua akajifunga kitenge, akatoka.

Alipofika kwenye geti alisimama, akageuka. Otilia alikuwa bado mlangoni. Yusta akainua kidole, akakipitisha juu ya nyusi yake ya kushoto, taratibu, kuanzia karibu na pua hadi nje, kisha akajigonga kifua: mimi huyu.

Otilia alimpungia mkono tu, kama wafanyavyo wenye masikio, akarudi ndani kwenye viazi vyake.